William Gilbert, Tabibu wa Malkia na Jiwe la Sumaku

Kila mwanafunzi aliyeshika dira ameona sindano yake ikigeukia kaskazini, lakini ni wachache wanaomjua mtu aliyetuonyesha sababu. Napenda kuwasimulia habari zake kwa kifupi.

William Gilbert alizaliwa mwaka 1544 katika mji wa Colchester, Uingereza. Alisoma Cambridge, akapata shahada ya utabibu mwaka 1569, kisha akafanya kazi London. Sifa zake zilienea hata akawa tabibu wa Malkia Elizabeth wa Kwanza. Malkia alipofariki mwaka 1603, akamtumikia Mfalme James.

Siku zile mabaharia walitegemea dira, lakini habari za sumaku zilijaa hadithi. Watu walisema kitunguu saumu huua nguvu za sumaku, tena kwamba chuma kikisuguliwa kwa almasi hugeukia kaskazini. Wenye elimu waliyanakili hayo kutoka kitabu hiki hata kile, na wachache tu ndio waliojaribu kuyapima. Gilbert alijaribu almasi 75 mbele ya mashahidi wengi, wala hakuna hata moja iliyofanya kazi hiyo.

Kisha akatumia jiwe la sumaku lililochongwa likawa tufe, mfano wa dunia ndogo, akaweka kisindano juu yake. Penye ikweta ya jiwe kisindano kililala. Kilipokaribia ncha kiliinama, na penye ncha yenyewe kikasimama wima. Robert Norman, fundi wa dira wa London, alikuwa amekwisha andika mwaka 1581 ya kuwa sindano ya dira huinama. Basi Gilbert akakata shauri kwamba dunia yenyewe ni sumaku kubwa. Aliyaeleza hayo kwa Kilatini katika kitabu chake De Magnete, kilichotolewa London mwaka 1600.

Lakini hakukomea hapo. Alidhani nguvu ya sumaku ndiyo inayoizungusha dunia. Mwaka 1609 Johannes Kepler naye akaandika kwamba jua huziendesha sayari kwa nguvu iliyo kama ya sumaku. Hapo wote wawili walikosa, na tofauti ya nguvu hizi twaweza kuiona kwa vitu vya bei ndogo.

Mimi na wenzangu tulifunga pini kwa uzi, na mwisho wa pili wa uzi tukaubandika mezani. Juu yake tukaning'iniza sumaku, na pini ikasimama hewani bila kuigusa. Fikirini, dunia nzima inaivuta pini chini, na sumaku ya kutosha kiganjani inaishinda! Tulipitisha karatasi katikati, pini isianguke. Tulipitisha kifuniko cha mkebe cha chuma, ikaanguka mara moja. Tuliiinua sumaku kwa upana wa vidole viwili, pini ikaanguka tena. Tulileta waya wa shaba na kijiti. Sumaku ilivikataa vyote viwili, bali tulipoviachia, dunia ilivivuta.

Basi sumaku huchagua, nguvu yake hupungua upesi kwa umbali, na chuma chaweza kuigeuza njia. Uvutano wa dunia hauchagui kitu, wala hakuna kifuniko kinachouzuia. Isaac Newton aliueleza mwaka 1687, na uvutano huo ndio unaozishika sayari katika njia zake. Siku hizi tunajua pia kwamba usumaku wa dunia hutokana na mwendo wa chuma kilichoyeyuka ndani sana.

Gilbert alifariki mwaka ule ule wa 1603. Alitufundisha tusikubali neno kwa sababu tu mkubwa amelisema, na neno lake mwenyewe nalo likapimwa. Lililo kweli limebaki, lisilo kweli limeachwa. Wenzangu tunaonakili kila siku kutoka ubaoni, nanyi ndugu zetu mliotutangulia, pini na uzi vipo kila nyumba. Tujaribu.