Mwalimu Mkimya wa Wittenberg

Soma kwanza: Kut. 4:10–16, Kut. 32:1–6, 1 Kor. 12:14–21

Mwezi Agosti 1518 kijana wa miaka 21 aliwasili katika mji wa Wittenberg, Ujerumani, ili afundishe Kiyunani katika chuo kikuu. Wengi waliomwona hawakuvutiwa naye. Alikuwa mfupi na mwembamba, mwenye haya, na ulimi wake ulikuwa mzito. Martin Luther, ambaye jina lake lilikuwa limekwisha kuvuma, alikuwa amempendekeza mtu mwingine kwa kazi hiyo. Lakini siku chache baadaye kijana huyo alitoa hotuba yake ya kwanza. Aliwaita wanafunzi waache maji ya madimbwi na kurudi kwenye chemchemi, yaani Maandiko katika lugha zake za asili. Luther alitoka ukumbini akiwa mtu aliyeshindwa na kufurahia kushindwa kwake. Hakutaka tena kusikia habari za mwalimu mwingine.

Kijana huyo ni Philipp Melanchthon. Alizaliwa Bretten mwaka 1497. Baba yake alikuwa fundi wa silaha za wakuu, naye alikufa mtoto akiwa na miaka 11 tu. Jamaa yake Johannes Reuchlin, mtaalamu mkubwa wa Kiebrania, alimpa vitabu, na kulingana na desturi ya wasomi wa siku zile akaligeuza jina lake la ukoo, Schwartzerdt, yaani udongo mweusi, kuwa la Kiyunani. Alipata shahada ya kwanza Heidelberg akiwa na miaka 14. Alipoomba ya pili alikataliwa kwa sababu ya udogo wa umri, akaenda kuipatia Tübingen.

Sasa watazame watu hawa wawili wakitembea pamoja. Luther, aliyemzidi miaka 13, alipenda meza yenye watu wengi, mzaha na wimbo. Hasira yake iliwaka upesi, na sauti yake ilijaza kanisa. Melanchthon aliamka gizani kabla ya mapambazuko ili asome na kuandika barua. Zaidi ya barua 9,000 alizoandika au kuandikiwa zinajulikana hadi leo. Hakuwekewa mikono kuwa mchungaji, wala mimbara haikuwa mahali pake. Darasa ndilo lililokuwa mahali pake. Luther alijifananisha na mtu anayefyeka msitu na kung'oa visiki, na kumlinganisha mwenzake na mkulima anayekuja nyuma taratibu, akipanda na kumwagilia.

Tukiwa wakweli, katika makanisa yetu mengi kamati ya uchaguzi humtafuta yule anayefyeka msitu. Anayenyamaza katika baraza huhesabiwa kuwa hana wazo. Luther hakuhesabu hivyo. Mwaka 1522 alizichukua kwa siri maelezo ya Melanchthon juu ya Warumi na Wakorintho, yaliyokuwa ya darasani tu na ambayo mwenyewe hakutaka yatoke, akayapeleka kwa mpiga chapa. Katika dibaji alikiri wizi huo bila kuona aibu. Kama angengoja rafiki yake ajitokeze mwenyewe, labda angengoja milele. Hata hivyo Melanchthon alikuwa ameshaandika kitabu kikubwa mwaka uliotangulia, akiwa na miaka 24: kitabu cha kwanza kupanga mafundisho ya Matengenezo kwa utaratibu.

Wasomaji wa Pambano Kuu watakumbuka jaribu lililokuja wakati huo. Luther alikuwa amefichwa katika ngome ya Wartburg. Mwishoni mwa 1521 walikuja kutoka Zwickau watu waliodai kusema na Mungu uso kwa uso. Melanchthon aliwasikiliza, akapima, akasitasita. Aliona hatari ya kuwapokea na hatari ya kumzimisha Roho. Wakati yeye akipima, mji ulichafuka na sanamu zikavunjwa. Ilibidi Luther arudi Machi 1522, akahubiri siku nane mfululizo, na utulivu ukarejea. Baada ya hapo wawili hao waliketi pamoja juu ya rasimu ya Agano Jipya ambayo Luther alikuwa ameitafsiri mafichoni. Melanchthon alikagua Kiyunani neno kwa neno, akatafuta hata thamani za sarafu zinazotajwa katika Injili. Septemba mwaka huo Agano Jipya la Kijerumani likatoka.

Je, kusitasita kule kulitokana na ukimya wake? Tusiseme hivyo upesi. Katika Kutoka, mwenye ulimi mzito ni Musa, na msemaji ni Haruni. Musa alipokawia mlimani, ni yule msemaji aliyekubali matakwa ya umati. Jadilini darasani: ni nini hasa kilichomwangusha Haruni?

Ukimya wake haukuwa woga siku zote. Mwaka 1529, kule Speyer, alipoonywa kwamba rafiki yake Simon Grynaeus anakuja kukamatwa, alimharakisha katika mitaa ya mji hadi mto Rhine na hakuondoka mpaka mashua ilipomvusha. Mwaka uliofuata ulimletea mzigo mkubwa kuliko wote. Kaisari Charles V aliita baraza la dola Augsburg. Luther, aliyekuwa chini ya marufuku ya dola, hakuweza kufika; aliachwa Coburg. Hivyo aliyesimama mbele alikuwa mtu wa vitabu. Melanchthon aliandika, akafuta, akaandika tena, akilia na kukosa usingizi. Luther alimkemea kwa barua kwa kuhangaika kwake, lakini aliposoma rasimu alikiri kwamba yeye mwenyewe asingeweza kukanyaga kwa upole namna ile. Tarehe 25 Juni 1530 Ungamo la Augsburg lilisomwa mbele ya Kaisari kwa Kijerumani, kwa muda wa saa mbili hivi. Kama Luther angeliandika, huenda lingekuwa na ngurumo zaidi na wasikilizaji wachache zaidi. Hayo ni maoni yangu, lakini ninayashikilia.

Udhaifu wake nao ulikuwa wa kweli. Mwaka 1539 yeye na Luther walikuwa wametoa shauri la siri lililomruhusu mtawala Philip wa Hesse kuoa mke wa pili. Jambo lilipofichuka, Melanchthon aliugua Weimar kwa majuto hadi kufikia mlango wa mauti. Luther alifika, akaomba kwa nguvu karibu na dirisha, kisha akamlazimisha rafiki yake ale, akimtisha kwamba asipokula atamtenga na kanisa. Akala, akapona.

Luther alikufa Februari 1546, na Melanchthon akatoa hotuba ya maziko. Miaka miwili baadaye, Kaisari akiwa ameshinda vita, watawala wa Saxony walitafuta maafikiano. Melanchthon alikubali sherehe kadhaa za zamani zirudishwe, akizihesabu kuwa mambo yasiyo ya lazima. Matthias Flacius, aliyekuwa mwanafunzi wake, alimpinga hadharani, na wafuasi wa Luther wakagawanyika. Mwaka huo huo katika barua alifungua moyo: alikuwa ameuvumilia ukali wa Luther kama utumwa. Barua hiyo inauma kuisoma. Miaka 28 meza moja, na upande mmoja ulikuwa na jeraha ambalo mwenye sauti kubwa hakulijua. Labda hakuuliza. Labda mwenzake hakusema.

Aliendelea kufundisha, kuandika vitabu vya shule, na kuishauri miji iliyotaka kuanzisha shule, hata akaitwa mwalimu wa Ujerumani yote. Siku zake za mwisho aliandika kwenye kipande cha karatasi sababu za kutoogopa kifo. Upande mmoja aliweka mambo atakayoachana nayo: dhambi, na ghadhabu ya wanatheolojia. Upande wa pili aliweka maswali ambayo hatimaye yangejibiwa, likiwamo lile la jinsi asili mbili zinavyoungana katika Kristo. Alilala mauti tarehe 19 Aprili 1560, akiwa na miaka 63. Walimzika katika kanisa la ngome la Wittenberg, karibu na kaburi la Luther, na hapo wote wawili wanaingoja sauti ile ile.