Mel Blanc: Mtu Mmoja Aliyekuwa Sungura, Bata na Gari Bovu

Huenda umemwona Bugs Bunny kwenye kibanda cha video au kwenye simu ya jirani: sungura wa kijivu, masikio marefu, karoti mkononi, anamchezea akili mwindaji mwenye bunduki. Kinachofahamika kidogo ni kwamba kwa karibu miaka 50 sungura huyo alizungumza kwa koo la mtu mmoja. Bata anayegombana naye alitoka koo hilo hilo. Vivyo hivyo nguruwe mwenye kigugumizi, ndege mdogo wa njano na paka anayemwinda.

Mtu huyo ni Mel Blanc, mchekeshaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1989. Tunaandika habari zake hapa kwa sababu kabla ya katuni alikuwa mtu wa redio, na ufundi wake wote aliupata redioni, mahali ambapo msikilizaji hana cha kutazama.

Kazi yenyewe si ngeni kwetu. Bibi anaposimulia ngano ya fisi na sungura jioni, watoto wamezunguka moto, hubadili sauti: fisi anapewa sauti nzito yenye ulafi, sungura anapewa sauti nyepesi ya haraka. Bila kubadili sauti hadithi hupoa. Na sungura mjanja mwenyewe ana undugu na Afrika, kwani ngano za sungura wanazosimulia Wamarekani weusi zilivuka bahari pamoja na watu waliouzwa utumwani. Bugs Bunny alibuniwa studio, lakini ukimtazama mnyama mdogo anavyomshinda mkubwa kwa maneno, utaona tabia unayoijua.

Alizaliwa San Francisco tarehe 30 Mei 1908, akapewa jina la Melvin Jerome Blank. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Familia ilihamia Portland, katika jimbo la Oregon, na huko mtoto alikulia kati ya wahamiaji wa kila namna, kila mmoja akikizungumza Kiingereza kwa lafudhi ya kwao. Wengine walisikia maneno. Yeye alisikia namna yanavyotamkwa, akayabeba nyumbani na kuyaigiza.

Shuleni hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Alikuwa akiachia vicheko kwenye korido ndefu ili asikie mwangwi unavyorudi. Jina Blank kwa Kiingereza lina maana ya kitu kitupu, kama ukurasa usioandikwa, na mwenyewe alisimulia kwamba mwalimu mmoja alimwambia ataishia kuwa mtupu kama jina lake. Akabadili herufi ya mwisho, K ikawa C. Shule aliiacha kabla ya kumaliza.

Mwaka 1927, akiwa na miaka 19, aliingia kwenye kipindi cha vichekesho cha kituo cha KGW cha Portland. Pia alipiga vyombo na kuongoza bendi, lakini sauti ndiyo iliyomvuta zaidi. Mwaka 1933 alimwoa Estelle Rosenbaum, na mwaka huo huo akaanza kipindi chake mwenyewe kwenye kituo kingine cha mji huo, KEX. Kipindi kilikwenda hewani karibu kila siku. Wenye kituo hawakutaka kulipa waigizaji wengine, kwa hiyo Mel na mkewe wakafanya kila kitu wenyewe: muuza duka, mlevi, mama mkwe, mgeni kutoka mbali. Ubahili wa tajiri ukawa chuo. Akiwa na watu watano wa kuigiza kwenye dakika chache, tena moja kwa moja hewani, alijifunza kutochanganya sauti hata moja.

Mwaka 1935 wakahamia Los Angeles kutafuta maisha. Alipata vibarua vya redio, lakini alichotaka ni studio ya Leon Schlesinger, iliyotengeneza katuni za kampuni ya Warner Bros. Alikwenda kubisha hodi, akajibiwa kwamba sauti wanazo za kutosha. Akarudi tena na tena, kwa zaidi ya mwaka mmoja, jibu likiwa lile lile kutoka kwa bwana yule yule. Kwa maelezo yake mwenyewe, mlango ulifunguka baada ya bwana huyo kufariki. Aliyeshika nafasi, Treg Brown, alikubali kumsikiliza, na mtihani wake wa kwanza ulikuwa fahali mlevi.

Nguruwe na karoti

Studio hiyo ilikuwa na nguruwe aitwaye Porky, mwenye kigugumizi. Mwigizaji wake wa kwanza, Joe Dougherty, alikuwa na kigugumizi cha kweli ambacho hakuweza kukitawala, kwa hiyo kurekodi kulichukua muda mrefu na kugharimu fedha nyingi. Mwaka 1937 Blanc akapewa nafasi hiyo. Alisimulia kwamba alikwenda kwenye zizi la nguruwe kusikiliza wanavyokoroma, akaamua kwamba nguruwe akijaliwa kusema, kukoroma kwake ndiko kutakuwa kigugumizi. Mwaka huo huo akaanza kumsemea bata Daffy.

Bugs Bunny aliyekamilika alitokea kwenye filamu ya Julai 1940. Blanc alimpa lafudhi ya mitaa ya watu wa kawaida ya jiji la New York, Brooklyn na Bronx, sauti ya mtoto wa mjini asiyetishika. Karoti zilikuwa za kweli. Walijaribu vitu vingine vya kutafuna, lakini hakuna kilichotoa mlio wa karoti mbichi. Tatizo ni kwamba huwezi kusema umejaza mdomo, kwa hiyo alitafuna, akatema kwenye ndoo, akaendelea na maneno. Kuna uvumi wa siku nyingi kwamba karoti zilimdhuru mwilini. Si kweli. Ni kwamba hakuwa na muda wa kumeza.

Sauti zingine zilisaidiwa na mitambo. Daffy na paka Sylvester ni ndugu wa karibu, wote wana kithembe kinachorusha mate, lakini sauti ya Daffy ilipandishwa kwa kuharakisha rekodi, ndiyo maana sikio haliwachanganyi. Aliporekodi wahusika wanaojibizana, mara nyingi alisoma mistari yote ya mmoja kwanza, kisha ya mwingine, na mafundi wakaunganisha baadaye. Waigizaji wa katuni za Ubongo Kids, zinazotengenezwa Dar es Salaam kwa Kiswahili tangu 2014, nao wanafanya kazi ya namna hii: kuingia ndani ya mwili ambao si wako kwa kutumia koo tu.

Redio hakuiacha. Kwenye kipindi cha Jack Benny, kilichosikilizwa Marekani nzima, alianza kama dubu anayelinda fedha za bwana bahili. Kazi yake ilikuwa kunguruma. Baada ya miezi kadhaa alimkumbusha Benny kwamba anaweza pia kusema, na kuanzia hapo akapewa kasuku, mwalimu wa fidla, mtangazaji wa stesheni ya treni. Kisha kuna habari ya gari. Benny kwenye kipindi alikuwa na gari bovu la aina ya Maxwell, na mlio wake ulikuwa kwenye santuri. Siku moja mtambo wa santuri ukagoma wakiwa hewani. Blanc akasogelea kipaza sauti, akakohoa, akapiga chafya, akatetemeka na kuzima kama injini iliyochoka. Watazamaji studio walicheka sana, na tangu siku hiyo santuri ikapumzishwa. Gari likawa yeye.

Si kila kazi ilimwendea hivyo. Walt Disney alimwajiri kumsemea paka kwenye filamu ya Pinocchio ya mwaka 1940. Akarekodi maneno yote. Baadaye ikaamuliwa paka awe bubu, na katika kazi nzima kikabaki kitu kimoja: kwikwi.

Jina na malipo

Hapa ndipo maisha ya Blanc yanapowagusa wasanii wengi, hata wa kwetu. Katuni zilizunguka dunia nzima, watu wakalipa viingilio, lakini waliotoa sauti hawakujulikana. Mchoraji na mwongozaji waliandikwa, msemaji hakuandikwa. Katikati ya vita vya pili vya dunia Blanc alimwendea Schlesinger kuomba nyongeza ya mshahara. Schlesinger hakuwa mtu wa kutoa fedha kirahisi, akakataa. Blanc akaomba basi jina lake liandikwe mwanzoni mwa filamu. Hilo halikumgharimu tajiri kitu, akakubali. Na jina lilipoonekana, simu za kazi zikaongezeka, na mapato aliyonyimwa mlango huu yakaingia kwa mlango mwingine.

Tuseme ukweli wote: mpango huo haukuwa wa haki kwa wenzake. Waliofanya naye kazi, kama Arthur Q. Bryan aliyemsemea mwindaji Elmer Fudd, na June Foray aliyebeba sauti nyingi za wanawake, hawakuandikwa. Watazamaji wakaamini kila sauti ni ya Blanc, na wako wanaoamini hivyo hadi leo.

Alikwenda pia mahakamani. Mwaka 1940 alikuwa ametoa sauti ya kwanza ya ndege Woody Woodpecker kwa studio ya Walter Lantz, na kile kicheko maarufu cha ndege huyo, kwa maelezo yake, ndicho kile alichokuwa akikiachia kwenye korido za shule. Aliondoka, lakini kicheko kikaendelea kutumika bila yeye. Akadai. Jaji alimpa ushindi Lantz, kwa hoja kwamba Blanc hakuwa amekisajili kicheko hicho kama mali yake, ingawa baadaye pande mbili zilielewana nje ya mahakama. Msanii wa vichekesho ambaye sauti yake imegeuzwa mlio wa simu bila kuulizwa ataielewa kesi hiyo haraka.

Usiku wa tarehe 24 Januari 1961 alikuwa akiendesha gari Los Angeles, kwenye kona mbaya ya barabara ya Sunset ambayo watu walikuwa wameipa jina la kona ya maiti. Akagongana uso kwa uso na gari lingine. Fuvu lilipasuka, miguu yote miwili ilivunjika. Alilala hospitalini bila fahamu. Mkewe na mwanawe Noel walikaa kando ya kitanda wakimwita kwa jina lake, siku baada ya siku, kimya.

Baada ya wiki mbili hivi daktari mmoja wa ubongo akajaribu njia nyingine. Hakumwita Mel. Alimsabahi Bugs Bunny, akamuuliza hali. Mgonjwa akajibu, kwa sauti dhaifu, lakini kwa sauti ya sungura. Daktari akamwulizia na ndege Tweety, naye akajibu. Ni habari iliyosimuliwa na daktari, na familia, na Blanc mwenyewe, na madaktari wanaweza kubishana kuhusu maana yake. Labda alikuwa anaelekea kuamka kwa vyovyote. Lakini baada ya siku zile za kimya, mwigizaji aliyeitika kwanza alikuwa sungura.

Wakati huo alikuwa ameshaanza kumsemea Barney katika katuni ya The Flintstones. Mwenzake Daws Butler alimshikia nafasi kwa muda, kisha vipaza sauti vikapelekwa kitandani. Blanc alirekodi akiwa amefungwa plasta karibu mwili mzima, waigizaji wengine wamemzunguka chumbani. Pia aliishtaki halmashauri ya jiji kwa sababu ya ile kona, na barabara ikatengenezwa upya.

Aliendelea kufanya kazi hadi uzeeni. Mwaka 1988, akiwa na miaka 80, alisikika tena kama Bugs, Daffy na wengine kwenye filamu ya Who Framed Roger Rabbit. Alikuwa amevuta sigara tangu utotoni na mapafu yalikuwa yamechoka. Alifariki Los Angeles tarehe 10 Julai 1989, akiwa na miaka 81, akazikwa kwenye makaburi ya Hollywood. Kwenye jiwe la kaburi aliagiza yaandikwe maneno ambayo nguruwe Porky hutumia kuaga mwisho wa katuni. Warner Bros. walipotafuta mtu wa kuchukua nafasi yake, wahusika walilazimika kugawanywa kwa waigizaji kadhaa.