Fimbo na Tufaha

Mama yake alimchapa hadi damu ikatoka, na sababu ilikuwa njugu moja tu. Siku nyingine baba alimpiga vikali hata mtoto akamkimbia, ikambidi mzee afanye bidii kuurudisha moyo wake. Shuleni nako, asubuhi moja, alichapwa mara 15 kwa somo la Kilatini ambalo hakuwa amefundishwa.

Mtoto huyo ni Martin Luther, aliyezaliwa Eisleben, Ujerumani, mwaka 1483, akakulia Mansfeld, ambako baba yake, Hans, alishughulika na machimbo ya shaba. Wazazi hao hawakumchukia. Walijinyima ili asome. Watoto wengi wa wakati ule walichapwa hivyo. Lakini Luther mwenyewe, akiwa mtu mzima, alisema kwamba ukali ule ulimtia woga na kumsukuma hadi akawa mtawa. Kule kukata tamaa ambako Paulo aliwaonya akina baba katika Wakolosai 3:21 kulimfuata ukubwani.

Mwaka 1505 radi ilimpiga chini karibu na Stotternheim. Kwa hofu akaweka nadhiri, akaingia katika monasteri ya Erfurt. Hans, aliyetaka mwanawe awe mwanasheria, alikasirika sana. Huko Luther aliungama dhambi zake kwa saa nyingi, wala hakupata amani. Alimwona Mungu kama hakimu asiyeridhika kamwe. Ni alipochunguza Warumi 1:17, huko Wittenberg, ndipo alipotambua kwamba haki ya Mungu ni zawadi, tena hupokelewa kwa imani.

Je, majeraha yote yalipona? Hapana. Maandishi yake dhidi ya wakulima mwaka 1525, na dhidi ya Wayahudi mwaka 1543, yana ukali wa kutisha, na hayafai kutetewa.

Nyumbani, hata hivyo, alijaribu njia nyingine. Yeye na Katharina von Bora walipata watoto 6, naye alishauri kwamba fimbo ikiwapo, tufaha liwe kando yake.

Mwezi Juni 1530, akiwa katika ngome ya Coburg, alipata habari kwamba baba yake amefariki. Alichukua Zaburi, akaingia chumbani, akalia sana. Majuma mawili baadaye alimwandikia barua mwanawe mdogo, Hans, aliyeitwa jina la babu yake na aliyekuwa na umri wa miaka 4. Alimsimulia habari za bustani nzuri, ambamo watoto huokota matufaha na kupanda farasi wadogo.