Adolph Rupp: Kocha aliyemkwepa jirani na kurithisha vizazi kinyongo

KATIKA jimbo la Kentucky nchini Marekani ipo miji miwili inayotenganishwa na mwendo wa takriban kilomita 125 tu, lakini linapozuka suala la mpira wa vikapu, wenyeji wake hawapikiki katika chungu kimoja.

Mji wa kwanza ni Lexington, makao ya Chuo Kikuu cha Kentucky, ambacho mashabiki wake huvalia rangi ya buluu. Wa pili ni Louisville, alikozaliwa bondia mashuhuri Muhammad Ali mnamo 1942. Chuo kikuu cha mji huo hujitambulisha kwa rangi nyekundu.

Kwa kawaida uhasama wa timu mbili za michezo huzaliwa uwanjani, pale mmoja anapomwangusha mwenziwe kwa njia inayouma. Uhasama wa Kentucky na Louisville ulikomaa kwa njia tofauti kabisa. Ulilelewa na mechi ambazo hazikuchezwa, na mtu aliyezizuia kwa zaidi ya miaka 40 ni kocha Adolph Frederick Rupp.

Zaidi ya miongo minne imepita tangu gwiji huyo aage dunia, lakini jina lake lingali likitamkwa kwa heshima kuu mjini Lexington na kwa uchungu kwingineko. Ili kuelewa sababu, sharti mtu ayafuate maisha yake tangu mwanzo.

Mwana wa mkulima

Rupp alizaliwa Septemba 2, 1901, karibu na mji mdogo wa Halstead, jimboni Kansas. Wazazi wake walikuwa wahamiaji wenye asili ya Kijerumani, waumini wa madhehebu ya Mennonite, waliojipatia riziki kwa kilimo. Baba yake alifariki Adolph akiwa bado mtoto mdogo, na familia ikabaki kulishikilia shamba kwa jasho na uvumilivu.

Mnamo 1919 alijiunga na Chuo Kikuu cha Kansas. Hapo alijikuta kwenye chemchemi yenyewe ya mchezo huo. James Naismith, aliyeubuni mpira wa vikapu mnamo 1891, alikuwa miongoni mwa walimu wa chuo hicho, ilhali timu ilinolewa na Forrest Allen, aliyefahamika kwa jina la utani Phog.

Kama mchezaji, Rupp hakuwa na makuu. Muda mwingi aliutumia kwenye benchi la akiba hadi alipohitimu mnamo 1923. Hata hivyo, benchi lilimpa fursa ya kuwatazama na kuwasikiliza mabingwa wawili wa fani hiyo, na mafunzo hayo ndiyo aliyoyabeba maishani.

Alifundisha katika shule za sekondari kwa miaka kadhaa, hasa mjini Freeport, jimbo la Illinois, kabla ya kuajiriwa na Chuo Kikuu cha Kentucky mnamo 1930. Hakutoka tena hadi alipostaafu.

Mtawala wa Kentucky

Rupp alikuwa mkali asiyetaka mzaha mazoezini. Wachezaji wake walitakiwa kunyamaza na kurudia mbinu zilezile hadi ziingie damuni. Timu yake ilikimbia kwa kasi wakati ambapo nyingi zilipendelea kujivuta. Yeye mwenyewe alizoea kuvaa suti ya rangi ya kahawia kila mechi, desturi iliyomfanya atambulike popote alipotokea.

Matunda yalionekana. Kentucky ilitwaa ubingwa wa kitaifa wa vyuo vikuu, unaosimamiwa na chama cha NCAA, mnamo 1948, 1949, 1951 na 1958. Katika Michezo ya Olimpiki ya London mnamo 1948, vijana wake 5 walikuwa kwenye timu ya Marekani iliyonyakua dhahabu, naye akiwa kocha msaidizi. Kufikia mwisho wa kazi yake alikuwa ameshinda mechi 876 na kupoteza 190 pekee. Rekodi hiyo ya ushindi ilidumu hadi 1997, ilipovunjwa na Dean Smith wa North Carolina, ambaye pia alikuwa mwanafunzi wa Allen kule Kansas.

Kwa wakazi wa Kentucky, ushindi huo ulikuwa zaidi ya michezo. Jimbo lao lilijulikana kwa migodi ya makaa, mashamba ya tumbaku na umaskini wa vijiji vya milimani. Rupp aliwapa kitu cha kujivunia mbele ya Wamarekani wengine. Familia zilizikusanyikia redio jioni kufuatilia mechi, na watoto walikariri majina ya wachezaji.

Mlango uliofungwa

Lakini mapenzi hayo yalikuwa na mpaka. Timu za Kentucky na Louisville zilikuwa zimekutana mara ya mwisho katika ratiba ya kawaida ya msimu mnamo 1922, miaka 8 kabla ya Rupp kuwasili. Si yeye aliyelianzisha pengo hilo. Ila ni yeye aliyeligeuza kuwa sheria.

Hoja yake ilikuwa nyepesi. Kentucky ikimshinda jirani, haipati chochote, kwa kuwa ndilo jambo linalotarajiwa. Ikishindwa, jirani atapanda hadhi, atavutia wachezaji bora wa jimbo na kugawana mapenzi ya mashabiki. Kwa Rupp, fahali wawili hawakai zizi moja. Hivyo hakuipangia Louisville mechi.

Timu hizo zilikutana tu pale mashindano ya mchujo yalipolazimisha. Kentucky ilishinda mnamo 1948 na tena 1951. Kisha mnamo 1959, Kentucky ikiwa bingwa mtetezi, Louisville iliiduwaza kwa pointi 76-61 na kuing'oa mashindanoni.

Ushindi huo ulipaswa kufungua mlango. Badala yake ulimthibitishia Rupp hofu yake, na akaukaza ufunguo. Mashabiki wa Louisville walibaki na ushindi ambao hawakupewa nafasi ya kuurudia, na wale wa Lexington wakabaki na kipigo ambacho hawakupewa nafasi ya kukilipiza.

Kashfa na adhabu

Kabla ya hapo, utawala wa Rupp ulikuwa umetikiswa na jambo zito zaidi. Mnamo 1951, baada ya yeye kutamba kwamba wacheza kamari hawangeweza kuwafikia vijana wake, nyota wa zamani wa kikosi chake, wakiwemo Alex Groza na Ralph Beard, walikamatwa. Walikiri kupokea fedha ili kupotosha matokeo, ikiwemo mechi ya 1949 dhidi ya Loyola ya Chicago iliyochezwa jijini New York.

Groza na Beard, waliokuwa wamevishwa dhahabu ya Olimpiki, walipigwa marufuku ya maisha katika ligi ya kulipwa ya NBA. Jaji aliyesikiliza kesi hiyo alimkosoa Rupp vikali kwa namna alivyoiendesha timu, na Kentucky ikazuiwa kucheza msimu mzima wa 1952-53.

Kocha huyo alirejea akiwa na hasira. Msimu uliofuata timu yake ilishinda mechi zote 25. Lakini nyota wake watatu walikuwa wamekwisha kuhitimu na hivyo hawakuruhusiwa kushiriki mashindano ya kitaifa, naye akakataa kupeleka kikosi bila wao. Ubingwa ulichukuliwa na La Salle, timu ambayo Kentucky ilikuwa imeishinda mapema msimu huo.

Suala la rangi

Jambo linalogawanya kumbukumbu za Rupp kuliko yote, hata hivyo, ni ubaguzi wa rangi. Sheria ya Kentucky ya mwaka 1904 ilikataza weusi na weupe kusoma pamoja, na chuo hicho hakikumpokea mwanafunzi mweusi hadi 1949, tena kwa amri ya mahakama. Timu nyingi za ligi ya majimbo ya Kusini ambamo Kentucky ilicheza hazikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja.

Louisville ilikuwa ya kwanza kubadilika. Mnamo 1962 iliwasajili wachezaji wake wa kwanza weusi. Miaka miwili baadaye, kijana wa mji huo Wes Unseld alikuwa akitafutwa na vyuo vingi. Rupp alimwendea, lakini wakosoaji wanashikilia kwamba alifanya hivyo shingo upande. Unseld aliamua kubaki nyumbani Louisville, na baadaye akawa mmoja wa wachezaji bora katika historia ya NBA.

Tangu hapo, utani wa timu hizo mbili ulipata uzito mwingine. Kwa weusi wengi wa Louisville, mlango uliofungwa mbele ya timu yao ulianza kufanana na milango mingine mingi waliyofungiwa.

Kisha ikaja Machi 19, 1966. Katika fainali ya kitaifa iliyochezewa College Park, jimbo la Maryland, Kentucky yenye wachezaji weupe watupu ilikutana na Texas Western, chuo kisichojulikana sana kutoka El Paso. Kocha Don Haskins alianza mechi na wachezaji watano, wote weusi. Hilo halikuwahi kutokea katika fainali hizo. Texas Western ilishinda 72-65.

Katika usiku huo mmoja, Rupp aligeuka kuwa sura ya enzi iliyokuwa ikizama. Mnamo 2006, filamu kuhusu mechi hiyo iliwakumbusha watazamaji wa kizazi kipya kisa hicho.

Watetezi wake husema kwamba alihukumiwa kwa makosa ya jamii nzima. Wanakumbusha kwamba alimnoa mchezaji mweusi alipokuwa Freeport, na kwamba timu ya Olimpiki ya 1948 aliyosaidia kuifunza ilikuwa na Don Barksdale, Mmarekani mweusi wa kwanza kuiwakilisha nchi hiyo katika mchezo huo. Wapinzani wake hujibu kwamba mtu mwenye nguvu kiasi kile angeweza kubomoa ukuta mapema, lau angetaka. Mchezaji wa kwanza mweusi wa Kentucky, Tom Payne, alisajiliwa mnamo 1969, ikiwa imebaki misimu michache tu katika kazi ya kocha huyo. Naye pia alitoka Louisville.

Mwisho wa safari

Kanuni za chuo zilimlazimu Rupp kustaafu mnamo 1972 akiwa na umri wa miaka 70, ingawa yeye na mashabiki wengi walipinga. Mnamo 1976 ukumbi mkubwa wenye viti zaidi ya 20,000 ulifunguliwa mjini Lexington ukiwa na jina lake.

Aliaga dunia usiku wa Desemba 10, 1977, akiugua saratani. Usiku huohuo Kentucky ilikuwa ikicheza na Kansas, chuo alikosomea, katika ukumbi uliopewa jina la mwalimu wake, Allen. Kentucky ilishinda 73-66.

Amri yake ya kutocheza na jirani iliendelea kutii kaburi lake. Mrithi wake, Joe B. Hall, aliifuata, japo wakati huo Louisville chini ya kocha Denny Crum ilikuwa imetwaa ubingwa wa kitaifa wa 1980.

Ni mchujo tena uliovunja mwiko. Machi 26, 1983, mjini Knoxville, jimbo la Tennessee, timu hizo zilikutana kuwania nafasi ya nusu fainali. Gavana wa Kentucky alihudhuria akiwa amevalia koti lenye nusu ya buluu na nusu nyekundu. Dakika za kawaida ziliisha kwa sare ya 62-62. Katika muda wa ziada Louisville ilichachamaa na kushinda 80-68.

Baada ya hapo shinikizo la wananchi na wanasiasa halikuzuilika. Novemba mwaka huo timu hizo zilicheza mechi ya kwanza ya msimu wa kawaida tangu 1922, na Kentucky ikalipiza kisasi kwa 65-44. Mechi hiyo ilichezewa ndani ya ukumbi wa Rupp, chini ya jina la mtu aliyeapa isichezwe.

Tangu wakati huo wamekutana karibu kila mwaka, na kila kizazi kimeongeza madeni yake. Rick Pitino, aliyeipa Kentucky ubingwa wa 1996, alipokwenda kuifunza Louisville mnamo 2001, mashabiki wa buluu walimwita msaliti na kumzomea. Mnamo 2012 timu hizo zilikutana katika nusu fainali ya kitaifa, Kentucky ikashinda 69-61 na kwenda kutwaa kombe.

Ukumbi wa Lexington nao umeshuhudia mabadiliko. Mnamo 1997 Kentucky ilimwajiri Tubby Smith, kocha wake mkuu wa kwanza mweusi, na mwaka uliofuata akaipa ubingwa. Mnamo 2020 baadhi ya wahadhiri wa chuo hicho walitaka jina la Rupp liondolewe. Liliendelea kubaki, na mjadala pia.

Rupp aliamini kwamba kwa kumnyima jirani nafasi ya kucheza angemnyima hadhi. Matokeo yalikuwa kinyume. Kipigo kinachopatikana uwanjani hulipwa msimu ufuatao, na wahenga walisema wagombanao ndio wapatanao. Dharau ya kukataliwa haina uwanja wa kulipiwa, ndiyo maana wajukuu wa mashabiki wa miaka ya 1950 wangali wakiibeba, hata wale waliozaliwa miaka mingi baada ya mzee wa suti ya kahawia kuzikwa.