Padri Georges Lemaître, Mchunguzi wa Mwanzo wa Ulimwengu

Georges Lemaître alizaliwa mjini Charleroi, katika nchi ya Ubelgiji, tarehe 17 Julai 1894. Tangu utoto alitamani kuwa padri, tena alitamani kuchunguza mambo ya ulimwengu. Wala hakuona kwamba tamaa hizo mbili zagombana. Alisoma kwa Wayezuiti, kisha katika Chuo Kikuu cha Louvain. Vita ilipozuka mwaka 1914 alitumika askarini, akapewa nishani ya ushujaa. Baada ya vita alipata udaktari wa hesabu, akaingia seminari ya Malines, na tarehe 22 Septemba 1923 Kardinali Mercier akampa daraja takatifu la upadri. Hapo akapelekwa Cambridge, Uingereza, kwa mtaalamu Eddington, na baadaye Marekani. Mwaka 1925 akarudi Louvain kufundisha.

Siku zile wataalamu wengi, hata Einstein mwenye sifa kubwa, waliamini kwamba ulimwengu haukui wala haupungui. Mwaka 1927 Padri Lemaître alionyesha kwa hesabu kwamba unapanuka. Mwanamke akikanda unga wenye chachu na kuutia mbegu, unga ukiumuka mbegu zote huachana, ingawa hakuna mbegu inayotembea yenyewe. Ndivyo yalivyo makundi makubwa ya nyota: lililo mbali zaidi laonekana kukimbia zaidi.

Kazi ya mtaalamu hupata sifa kwa njia hii: huandika katika gazeti la wataalamu alichokipata; wenziwe wakisoma na kukitumia, hulitaja jina lake katika maandiko yao. Asiyesomwa hatajwi. Basi makala ya Padri ilitoka kwa Kifaransa, katika gazeti la Brussels lililosomwa na wachache. Einstein alipokutana naye mwaka ule ule, alizikubali hesabu zake, lakini akakataa kwamba ulimwengu unapanuka. Mwaka 1929 Mmarekani Hubble akatoa vipimo vyake vya makundi ya nyota, na kanuni ile ikaitwa kwa jina la Hubble peke yake.

Mwaka 1931, kwa msaada wa Eddington, makala ya Padri ilichapishwa kwa Kiingereza mjini London. Lakini sehemu iliyoonyesha kwamba yeye alitangulia kukadiria mwendo wa kupanuka haikuwamo. Baadaye wengine walidhani amedhulumiwa. Mwaka 2011 barua yake mwenyewe ilitoa nuru: ndiye aliyetafsiri makala, na ndiye aliyeiacha sehemu ile, kwa kuwa vipimo vipya vilikwisha kupatikana. Hakutafuta kutajwa, alitafuta ukweli ujulikane.

Mwaka ule wa 1931 aliendelea mbele. Ikiwa vitu vyote vinaachana, basi zamani vilikuwa pamoja. Watu wa Katanga wanalijua jina la Shinkolobwe, karibu na Likasi, ambako yalichimbwa mawe ya uraniamu na radiamu. Atomu za madini hayo huvunjika zenyewe na kutoa nguvu. Kwa mfano huo Padri aliwaza mwanzo wa ulimwengu: atomu moja kubwa mno iliyovunjika, na katika vipande vyake zikapatikana nyota zote.

Wengine walimshuku kwamba ameileta Biblia ndani ya hesabu. Wengine, Wakristo, walifurahi wakidhani amethibitisha kitabu cha Mwanzo. Mwaka 1951 hata Papa Pio XII, akihutubia wataalamu, aliihusisha elimu hiyo na kazi ya Mungu Mwumbaji. Padri Lemaître hakupendezwa, naye kwa heshima aliwaeleza wakubwa huko Roma. Mwaka 1952 Papa aliposema tena na wataalamu wa nyota, hakulirudia jambo hilo. Padri alishika neno hili: hesabu yaweza kusahihishwa kesho, lakini imani haikujengwa juu ya hesabu. Tena kuumba si kuanzisha tu. Mungu anavishika vitu vyote visipotee, leo kama siku ya kwanza.

Tangu 1960 alikuwa rais wa Akademia ya Papa ya elimu. Alipokuwa mgonjwa aliletewa habari kwamba Wamarekani wawili wamegundua mabaki ya joto la kale lililoenea mbinguni pote, ushuhuda mkubwa kwamba ulimwengu ulikuwa na mwanzo wa moto mkali. Alifariki Louvain tarehe 20 Juni 1966. Mwaka 2018 wataalamu wa nyota wa dunia walipiga kura, na 78 katika kila 100 walikubali kwamba kanuni ile iitwe kwa majina mawili, la Hubble na la Lemaître.

Wakatekumeni wapenzi, msiogope mtu akiwaambia kwamba elimu humfukuza Mungu. Padri huyu alipima mbingu kwa kalamu, na kila siku alipiga magoti mbele ya altare. Nanyi mkifanya kazi njema na jina lenu lisitajwe, kumbukeni kwamba Baba aliye mbinguni huona yaliyofichika.