Maisha ya Bibi Annalena Tonelli, Aliyekaa Wajir



Katika mkutano wa mwaka baadhi yenu mliuliza kama yafaa chama chetu hapa Kotile kupokea mkono wa watu wa kanisa katika kuwasaidia vijana wetu, ambao walio wengi ni Waislamu wala hawatafuti kubatizwa. Swali hilo ni zito, nasi hatukuona vyema kulijibu kwa maneno ya karani. Tumeona afadhali kuwaandikia habari za mtu mmoja aliyekaa katika nchi iliyokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, mbele ya macho ya watu.

Bibi Annalena Tonelli alizaliwa tarehe 2 Aprili 1943 katika mji wa Forlì, nchi ya Italia. Alisomea sheria, lakini tangu ujana wake aliwatumikia maskini wa mji wake na watoto yatima. Alifika Kenya umri wake haujatimia miaka 27. Hakuwa mtawa, wala hakutumwa na shirika lolote. Alianza kwa kufundisha shule, kazi ambayo hakuisomea, kisha akaenda Wajir akakaa huko.

Mwanzo haukuwa mwepesi. Alikuwa kijana, mweupe, Mkristo, tena hana mume. Na wazee wetu wanajua jinsi mwanamke wa namna hiyo alivyotazamwa miaka ile. Yeye hakushindana na mtu. Alijiunga na wanawake wenzake wachache waliofanya kazi bila mshahara, wakafungua nyumba ya kuwatunza watoto waliopooza kwa polio, na vipofu, na viziwi. Watoto hao walikuwa wa Kiislamu. Walifunzwa kusimama, kutembea na kusoma. Dini yao haikuguswa.

Mwaka 1976 alipewa kuangalia mpango wa kutibu kifua kikuu kati ya wafugaji wanaohamahama. Hapa tukawie kidogo, kwa kuwa sisi wenyewe tumeona jinsi ugonjwa huu unavyofichwa nyumbani kama aibu. Siku zile dawa zilimezwa mwaka mzima na zaidi, na mfugaji hawezi kuwaacha ngamia wake muda huo wote. Akipata nafuu huondoka, na ugonjwa humrudia kwa nguvu. Bibi Annalena hakuwalaumu. Aliwaalika wapige vibanda vyao katika uwanja wa mchanga mbele ya kile kituo cha watoto, waishi kwa desturi yao, na kila siku wameze dawa mbele ya mwangalizi, kwa muda wa miezi sita. Mahali hapo watu wakapaita TB Manyatta. Baadaye Shirika la Afya Duniani lilieneza katika nchi nyingi utaratibu wa namna hiyo, mgonjwa kumeza dawa akitazamwa.

Mwezi wa Februari 1984 yakatokea mauaji ya Wagalla, karibu na Wajir. Serikali ilitaja watu 57. Tume ya ukweli iliyotoa taarifa yake mwaka 2013 ilikadiria kuwa waliokufa walikaribia 1,000. Bibi Annalena alikwenda kuwaokota majeruhi na kuwasitiri maiti, akapeleka habari nje. Mwaka 1985 akalazimishwa kuondoka Kenya.

Hakurudi kwao akapumzika. Aliingia Somalia, na mwishowe akakaa Borama, akitibu kifua kikuu katika hospitali, na tena akafungua shule ya watoto viziwi. Mwaka 2003 shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilimpa Tuzo ya Nansen. Miezi michache baadaye, tarehe 5 Oktoba, alipigwa risasi uani mwa hospitali ile ile, akafa. Alikuwa na miaka 60.

Swali la mkutano litarudishwa mbele yenu katika kikao kijacho, nasi tutaandika lolote mtakaloamua.