Krapf na Herufi za Kiswahili

Hapa Goma darasa moja linakusanya Wanande, Wahunde, Wanyarwanda na Washi. Nyumbani kila mmoja anasema luga yake, njiani Kiswahili, mbele ya ubao Kifaransa. Lakini zote tunaziandika kwa herufi zilezile. Kwa Kiswahili haikuwa hivyo tangu mwanzo, ndiyo maana tunaeleza maisha ya Johann Ludwig Krapf.

Alizaliwa Ujerumani mwaka 1810, mtoto wa mkulima. Alifanya kazi ya misioni kwanza Ethiopia. Njia ya huko ilipofungwa, akafika Mombasa mwaka 1844 pamoja na bibi yake Rosine. Mwezi wa 6 akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Mwezi wa 7 homa ikamuua Rosine, na kitoto chao cha kike kikamfuata kisha siku chache. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa sana. Alipopona akashika tena kalamu.

Tusifikiri alikuta watu wasiojua kuandika. Hapana! Waswahili waliandika kwa herufi za Kiarabu tangu zamani. Kuna utenzi wa Tambuka, ulioandikwa mwaka 1728. Hata katika kutafsiri, kadhi wa Mombasa ndiye alimsaidia.

Lakini Krapf alichagua herufi za Kilatini. Sababu moja ni sauti: Kiarabu hakina p wala ch, na kina alama 3 tu za vokali, lakini Kiswahili kina 5. Katika maandiko mengi ya zamani "pata" na "bata" yaliandikwa namna moja, msomaji akisie mwenyewe. Sababu ingine, alitaka kuwatenga wasomaji wake na Uislamu. Kwetu sisi ile ya kwanza ina nguvu. Ya pili ilileta hasara, juu baadaye, shule zilipoenea na herufi mpya, wazee waliojua kusoma na kuandika vizuri walihesabiwa kama wajinga. Na ajabu, Krapf huyohuyo alikusanya tenzi za herufi za Kiarabu akazipeleka Halle, Ujerumani, zikahifadhiwa.

Mwaka 1850 alichapisha sarufi ya Kiswahili, tena kitabu cha maneno ya luga 6 za Afrika ya Mashariki. Kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1882. Yeye alikwisha kufa mwezi wa 11 mwaka 1881. Ilikuwa ya Kimvita, Kiswahili cha Mombasa. Askofu Steere alifuata Kiunguja, na mkutano wa mwaka 1928, kumbe palepale Mombasa, ulichagua Kiunguja kwa vitabu vya shule. Herufi za Kilatini zilibaki.